Vifaa vya watoto wenye usonji vifike hadi visiwani

Vifaa vya kuvaliwa vinavyomsaidia mtoto mwenye usonji kusoma darasa moja na wenzake viingizwe katika bajeti ya elimu jumuishi, na visiwa kama Bumbire wilayani Muleba visiwe vya mwisho kufikiwa.

Kwanza, ni haki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto huyu kuwa mwanafunzi wa shule za kawaida anayestahili huduma saidizi. Akizikosa kisiwani, kinachobaki ni kuvuka Ziwa Victoria na kuishi mbali na wazazi, au kukaa nyumbani.

Pili, si kila kifaa ni ghali. Vikinga kelele vya masikioni havihitaji umeme wala intaneti, na humpunguzia mtoto adha ya darasa lililofurika. Saa za kupima mapigo ya moyo, zinazoweza kumwonyesha mwalimu kuwa mtoto ameanza kuhangaika, zifuate baadaye, kwa ridhaa ya mzazi na kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hata hivyo, kifaa hakichukui nafasi ya mwalimu. Wenye dhamana ya elimu watenge fedha, wawape walimu mafunzo na wapeleke visiwani wataalamu wa kubaini usonji mapema, kuanzia bajeti ijayo.