NEMBO YA KAUNTI SI MALI YA MTU



Twaandika habari ya nembo ya kaunti, kitu ambacho wengi wetu hukishika kila siku juu ya barua wala hatukitazami. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 4, yaagiza kwamba nembo itengenezwe kwa kushauriana, ikubaliwe na Bunge la Kaunti kwa sheria, wala isifanane na alama za taifa. Yaani jogoo mwenye shoka na simba wawili wa Jamhuri waachwe walipo, na kila kaunti katika zile 47 ijitafutie alama yake. Basi kitu kilichopatikana kwa njia hiyo ni cha watu wote.

Mwezi uliopita karani mwenzetu aliandikiwa barua ajieleze katika siku saba, kwa kuwa alipiga taipu orodha ya michango ya maziko juu ya karatasi yenye nembo. Alikosa, nasi hatumtetei: msiba ni wake, karatasi ni ya watu. Lakini juma lile lile tuliiona nembo ile ile juu ya fulana na mifuko ya unga, ubavuni pa sura ya mkubwa aombaye kura, wala hatukusikia kwamba yeye aliandikiwa hata mstari mmoja. Je, kanuni hizi ni za makarani peke yao?

Wako wasemao kwamba fulana haimdhuru mtu. Na waende sokoni alfajiri, watazame ushuru ukitozwa. Mama auzaye mchicha, asiyejua kusoma, hatoi fedha yake kwa ajili ya uso wa mtozaji, maana hamjui. Hutoa kwa sababu ameiona ile picha juu ya risiti. Hana ushahidi mwingine. Picha hiyo ikiisha kutapakaa juu ya nguo na magari ya kampeni, na kila mpiga chapa anayo dukani mwake, mwizi amebakiwa na kazi gani ila kuagiza kitabu cha risiti? Na siku hesabu zitakapokataa kulingana, hataitwa mwenye fulana. Tutaitwa sisi tulioshika daftari.

Kwa hiyo twataka sheria ya nembo ibandikwe ubaoni katika kila ofisi, ikitaja ni nani aruhusiwaye kuitumia na kwa kazi gani. Twataka nembo isichapwe kamwe pamoja na jina wala sura ya mtu atafutaye kura. Na mkubwa atakayevunja kanuni hiyo aandikiwe barua kama ile ya mwenzetu, naye ajibu katika siku saba zile zile.