Wangapi Wamenipenda?

Huku kwetu Bel-Air kijana hutia picha yake katika Facebook au Instagram jioni, na kabla ya kulala huitazama mara kumi, apate kusoma ni watu wangapi walioipenda. Wakiwa wachache huifuta, naye hulala na huzuni. Je, si afadhali hesabu hiyo iondolewe?

Kitufe cha kupenda kiliingia Facebook mwaka 2009. Mwaka 2019 Instagram ilijaribu kuficha hesabu katika nchi kadhaa, kama Kanada, Italia na Japani. Wengine walifurahi, wengine wakanung'unika. Basi mwezi wa Mei 2021 kila mtu aliachiwa achague mwenyewe, kuionyesha au kuificha.

Sisi twaona kitufe chenyewe hakina kosa. Kumwambia mwenzio "nimependa" ni kama kumsalimu. Kosa ni kuzihesabu salamu mbele ya watu. Nani kati yetu atokaye kanisani akiwahesabu waliomsalimu, apate kujilinganisha na jirani yake?

Hata hivyo, mwenye picha aliyeificha hesabu bado aweza kuiona yake. Wivu utapungua, kiu ya sifa itabaki. Kwa hiyo, enyi wazazi, mwonyesheni mtoto jinsi ya kuificha, kisha msifuni nyumbani kwa kinywa chenu anapofanya vema. Mtoto anayejua kwamba kwao anapendwa hatakesha akihesabu.