Fundi umeme aitwe kabla kioo hakijapanda ukutani

NYUMBA NA FUNDI
Na Zuhura Mkamba

Tangu mikanda ya taa za LED ianze kuuzwa kwa mita madukani Kariakoo, kioo chenye mwanga unaochomoza nyuma yake kimetoka hotelini na kuingia vyumbani mwetu. Nakipenda. Ukuta uliopooza unachangamka, na usiku mtu anaingia bafuni bila kuwasha taa kubwa ya kumchoma macho. Kinachonikera ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Fundi kioo anakibandika kioo ukutani kwa silikoni, analipwa, anaondoka. Wiki mbili baadaye mwenye nyumba anataka taa. Fundi umeme akifika hana pa kupita: mkanda unazungushwa pembezoni kwa gundi yake, waya unaning'inia, adapta inalazwa sakafuni juu ya ekstensheni. Mafundi wawili wamelipwa, na kazi haina mwenyewe.

Taa ya nyuma ya kioo inahitaji nafasi. Kioo kikilala bapa ukutani, mwanga hauna pa kutokea. Kitengenezewe fremu ya mbao inayokisogeza mbele sentimita tatu hadi tano, nayo iwe ndogo kuliko kioo kwa sentimita tano kila upande ili mkanda usionekane. Kioo cha sentimita 60 kwa 80 kitapata fremu ya 50 kwa 70, yaani mkanda wa mita 2.4. Mkanda wa kawaida wa volti 12, wenye taa 60 kwa mita, hula karibu wati 5 kila mita, kwa hiyo wote ni wati 12. Adapta ya ampea 2 inauendesha bila kuchoka. Ukiwaka kwa muda wa saa tatu kila usiku, mwezi mzima unamaliza uniti moja hivi ya LUKU. Umeme si gharama hapa. Gharama ni kurudia kazi.

Mkanda haukatwi popote. Kila baada ya taa tatu kuna mstari mdogo uliochorwa katikati ya vidoa vya shaba, na mkasi unapita hapo tu. Ukikata pembeni ya mstari, taa za kipande hicho haziwaki. Kwenye kona usiukunje. Ukate, kisha uunganishwe kwa waya mfupi uliochomelewa risasi. Ukuta ukiwa na vigae vinavyong'aa, taa zitaonekana nukta moja moja kama shanga, hivyo mkanda uwekwe ndani ya mfereji wa aluminiamu wenye kifuniko cheupe.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa fedha uliofunikwa kwa rangi, na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unauvizia kila siku. Silikoni inayonuka siki humsaidia adui huyo, kwa sababu inapokauka hutoa asidi inayoula ule utando. Madoa meusi yanayotambaa kutoka kingoni mara nyingi yalianzia hapo. Dai silikoni isiyo na asidi, inayofaa vioo.

Bafuni sitaki masihara. Mkanda ni wa volti 12 tu, lakini adapta inapokea volti 230. Ikae nje ya bafuni, na laini yake ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Waya unapitishwa ndani ya ukuta kabla ya vigae, na ndiyo maana nasisitiza fundi umeme atangulie.

Halafu tusidanganyane kuhusu uso. Mwanga wa nyuma unaangaza ukuta. Anayejitazama anabaki gizani. Wa kunyoa ndevu na wa kupaka wanja wanahitaji taa mbili, kulia na kushoto, usawa wa macho. Hapo chagua kwa makini. Taa nyingi za bei poa ni za kelvini 6500, nyeupe ya kibuluu, na nyingi zina upungufu wa rangi nyekundu. Ngozi ya maji ya kunde inaonekana ya kijivu, na dada anaongeza poda ambayo jua la nje litamuumbua. Tafuta kelvini 4000, na pakiti iandikwe CRI 90 au zaidi. Nyuma ya kioo weka 3000, inayotuliza macho.

Kile kioo cha sentimita 60 kwa 80, kikiwa na unene wa milimita tano, kina uzito wa kilo sita, fremu bado. Kining'inizwe kwa vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari, kimoja ukutani kwa skrubu na kingine kwenye fremu, ili kiweze kunyanyuliwa. Adapta za bei nafuu hufa kabla ya mkanda, basi kabla hujatoa malipo ya mwanzo, mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole atakapoiweka.