Kivinjari Chepesi Chatufaa



Wenzetu wa Isingiro, Wilaya ya Kyerwa, ni watu wa kahawa na migomba. Sisi ni watu wa karafuu. Lakini wao na sisi twanunua bando kwa fedha ya shamba, nalo huisha kabla hatujaiona bei.

Twaona imefika saa ya kuacha vivinjari vizito. Opera Mini, iliyotoka Norway na kuenea ulimwenguni tangu 2006, hauleti ukurasa mzima moja kwa moja: ukurasa hupita kwanza katika mitambo ya kampuni, ukapunguzwa, ndipo ukaja simuni. Kampuni yenyewe yasema huokoa hadi asilimia 90 ya data. Hata simu ndogo huimudu.

Walakini pana sharti. Katika hali ya kubana sana, mitambo ile huufungua ukurasa njiani. Basi habari na bei zisomwe humo. Neno la siri la benki lisipite humo kabisa. Gunia la karafuu hatumpi mpita njia alifungue.

Shilingi zitakazobaki zitasaidia kulipa wachumaji. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ni pishi.