Taa za Zenoni: Mwanga wa Mmoja Usiwe Giza la Mwingine

Apitaye usiku katika barabara itokayo Nyeri kwenda Othaya, au ile ya Kiganjo kupitia Naro Moru hadi Nanyuki, hakosi kukutana na taa nyeupe zinazoelekea usamawati, zimulikazo hata matawi ya juu ya mikaratusi iliyo kando ya njia. Akutanapo nazo hulazimika kugeuza uso, kupunguza mwendo na kumwomba Mola kwamba mbele yake hapana mtoto wala ng'ombe. Aghalabu taa hizo hazikutoka kiwandani pamoja na gari. Balbu zake zilinunuliwa dukani zikiwa ndani ya kasha, zikatiwa na fundi kwa muda usiozidi saa moja, na mwenye gari akaondoka akiamini kwamba amejitafutia usalama. Hizo ndizo balbu za zenoni, ambazo siku hizi zimefuatwa na nyingine za LED zenye madhara yayo hayo. Dai langu ni kwamba balbu ya namna hiyo, ikitiwa katika taa isiyoundwa kwa ajili yake, ni dhuluma kwa watumiaji wengine wa barabara, na kwamba shule zetu zina wajibu wa kulifundisha jambo hili.

Yafaa kwanza tuwatendee haki wanaozinunua. Giza la huku si la mzaha. Tunaishi karibu na Ikweta, ambayo hupita Nanyuki kwenyewe, na kwa hiyo usiku wetu hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua huzama kabla ya saa moja jioni, na muda mfupi baadaye kiza kimetanda. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu na manyunyu hushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya yakafunika mashamba ya chai na barabara zake. Nje ya miji hakuna taa za njiani, na mahali pengi hapana hata njia ya waendao kwa miguu. Magari yetu nayo hufika kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, na plastiki ya taa zake imekwisha kugeuka manjano kwa jua. Dereva anayelalamika kwamba haoni vizuri, basi, hasemi uongo.

Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwao. Taa za gari langu zilipofifia, fundi mmoja alinitilia balbu za zenoni, nikafurahi kama mtu aliyetibiwa macho. Wiki ya pili, mzee aliyenifundisha katika shule ya msingi alibisha mlangoni asubuhi, mkono wake umefungwa bendeji.

"Mwanangu," akaniambia, "jana jioni ulinipita pale mteremkoni. Nilikutambua kwa mlio wa gari tu. Macho hayakuniambia kitu mpaka nilipojikuta mtaroni pamoja na baiskeli."

"Niwie radhi, Mwalimu," nikamjibu.

"Radhi nimekupa. Sasa nenda ukasimame mbele ya gari lako."

Jioni ile nilimkabidhi mke wangu funguo, nikasimama kando ya njia, naye akaja polepole akiwa amewasha taa za chini. Sikuona gari. Sikuuona ukingo wa lami wala miguu yangu mwenyewe. Kulipokucha nilirudi kwa fundi, akazitoa balbu zile.

Jina la gesi hii lina funzo. Iligunduliwa mjini London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, wakaipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mgeni. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1991, kampuni ya BMW ilipoanza kuuza magari yenye taa za zenoni, mgeni huyu alikuwa amejengewa chumba chake. Masaibu yalianza alipolazwa katika chumba cha mwingine.

Hebu tutazame chumba chenyewe. Ndani ya balbu ya halojeni mna uzi mfupi wa tungsteni unaopashwa moto na umeme hadi ung'ae. Nyuma yake pana kiakisi, mfano wa bakuli linalong'aa, ambacho umbo lake limekokotolewa ili mwanga utokao katika uzi huo upelekwe mahali maalumu barabarani. Katika balbu ya aina ya H4, iliyoenea sana katika magari yetu, nyuzi ni mbili: mmoja wa taa kamili, ambazo madereva huziita fuli, na mwingine wa taa za chini, yaani dimu. Chini ya uzi wa dimu pana kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiiangukie nusu ya chini ya kiakisi, kwani ukiangukia huko utarushwa juu, hadi machoni mwa anayekuja. Isitoshe, kwa kuwa sisi na Wajapani sote huendesha upande wa kushoto, mwanga wa dimu hukatwa chini upande wa kulia, uliko uso wa dereva ajaye, na kuinuliwa kidogo upande wa kushoto, waliko waendao kwa miguu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Balbu ya zenoni haina uzi. Hupewa mshtuko wa umeme wa zaidi ya volti 20,000, na tao la umeme likawaka katikati ya gesi na chumvi za metali. Hutumia wati 35 pale ambapo halojeni hutumia 55, ilhali mwanga wake hufika lumeni 3,000 hivi, yaani maradufu ya halojeni au zaidi. Huo ni ufundi wa kusifiwa. Lakini tao hilo halina umbo la uzi, na mara nyingi halikai palepale ulipokuwa uzi. Kiakisi hakina habari kwamba mpangaji amebadilika. Huurusha mwanga huo mwingi juu, kando na kokote, na ile mipaka iliyokokotolewa kwa uangalifu ikafutika.

Ndiyo maana kanuni za Ulaya ziliagiza kwamba taa yenye balbu inayozidi lumeni 2,000 iambatane na mtambo wa kurekebisha mwinamo wa mwanga gari linapoelemewa na mzigo, pamoja na kifaa cha kuosha kioo, kwa sababu matope hutawanya mwanga. Sasa fungua kasha linalouzwa madukani mwetu. Utakuta balbu mbili, vikuza-umeme viwili na nyaya, basi. Zitie katika Probox iliyojazwa kabichi za Kieni hadi pua yake ikaelekea mawinguni, kisha uiteremshe kuelekea Karatina usiku wa mvua. Atakayekutana nayo hatasahau.

Wauzaji nao wamesaidiwa na tarakimu isiyoeleweka. Juu ya kasha huandikwa 6,000, au 8,000, au hata 10,000, na mnunuzi hudhani kwamba hicho ni kipimo cha nguvu, kwa hiyo kubwa ndiyo bora. Sivyo. Tarakimu hizo ni za kelvini, na hueleza rangi ya mwanga tu. Mwanga wa halojeni ni kama kelvini 3,200, na wa zenoni za kiwandani huwa kama 4,300. Kadiri tarakimu inavyopanda kupita hapo ndivyo mwanga unavyozidi usamawati, na aghalabu kiasi chake hupungua. Mnunuzi huwa amelipia rangi akidhani amelipia kuona. Katika ukungu hasara ni maradufu, kwani mwanga unaorushwa juu hugonga matone ya maji na kumrudia dereva mwenyewe, akaona pazia jeupe mbele ya kioo.

Wapo watakaonijibu: "Wengine wananipofusha, nami nisipokuwa na taa kali nitaangamia." Hoja hii ndiyo iliyotufikisha hapa. Jicho lililopanuka gizani likipigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona tena, na la mzee huhitaji zaidi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika sekunde tatu dereva aliyepofushwa huwa amekwenda mita 66 bila ya kuona, na mita hizo huenda zikawa na mwanafunzi aliyevaa sweta ya rangi ya giza. Zaidi ya hayo, dereva niliyempofusha anakuja upande wangu. Kumnyima macho ni kujihatarisha mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kazi yangu ni kusomesha isimu, na kwangu taa za barabarani ni lugha. Kudimu ni maamkizi: nimekuona, pita salama. Kuwasha na kuzima haraka ni onyo kwamba kuna jambo mbele. Balbu inayopofusha hata ikiwa dimu imemnyang'anya dereva lugha hiyo. Hawezi tena kuamkia. Kila asemalo ni ukelele, na wenzake humjibu kwa fuli, wakapofuka wote wawili.

Serikali ina nyenzo za kulikabili jambo hili. Tunayo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutaka magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kuletwa nchini, nayo matatu na malori hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Kasoro ni kwamba balbu hubadilishwa baada ya gari kufika, na askari aliye njiani hana cha kupimia ila macho yake. Vifaa vya kupima mwelekeo wa mwanga vipo duniani, wala si vya ajabu. Vitumiwe katika kila ukaguzi, na taa iliyotiwa balbu isiyo yake ihesabiwe kuwa imeanguka mtihani. Anayedhani kwamba madereva wa Kenya hawabadiliki akumbuke Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa. Abiria waliokuwa wakining'inia milangoni waliketi, wakafunga mikanda.

Dereva naye asingoje askari. Plastiki iliyogeuka manjano husuguliwa ikarudi kung'aa. Balbu ya halojeni iliyochoka hubadilishwa kwa nyingine mpya ya aina ileile. Waya uliooza hunyima taa umeme, na fundi hodari huugundua upesi. Kiakisi kilichofifia hubadilishwa. Akishindwa kabisa kuiacha zenoni, na atafute taa nzima iliyoundwa kwa balbu hiyo, pamoja na mtambo wake wa kurekebisha mwinamo. Na kama bado haoni vizuri, kuna tiba isiyogharimu senti: apunguze mwendo.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo. Somo la mwanga na viakisi limo katika mtalaa wa fizikia, na gari la mwalimu liko uwanjani. Jioni moja, wanafunzi wa bweni na walisimamishe gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta wa darasa, wawashe dimu, kisha wapime. Ukingo wa juu wa mwanga, upande wa kulia, yafaa uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Wakiona ukingo, wauchore. Wasipouona, kwa kuwa ukuta wote umekuwa mweupe hadi kwenye paa, watakuwa wamejifunza jambo ambalo wataweza kuwaeleza baba zao na kaka zao wenye matatu na bodaboda.

Mwalimu wangu mzee bado anakwenda kwa baiskeli yake. Tukikutana jioni, mimi hudimu mapema, naye hupiga kengele. Nawasihi wote waendeshao magari katika miji hii ya mlimani wafanye aliloniamuru: wampe mtu mwingine funguo, kisha wakasimame mbele ya taa zao wenyewe.