Minyoo Haitakuomosha, Lakini Itakulisha

Wasee, tuambiane ukweli. Zile video za "anza kufuga minyoo leo, mwaka ujao unaendesha gari" ni uongo. Najua kwa sababu mimi pia niliposti moja.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi Githurai kwa mathe. Ana kibanda cha mboga na magunia 10 ya sukuma nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mathe, msimu huu usinunue miche. Nitakuoteshea." Nikajaza trei mboji ya minyoo tupu, nikapanda mbegu, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayelipwa. Miche ikatoka fiti, nikashuti video, watu wakaipenda. Siku ya 12 ikaanza kulala, shina limeoza pale chini. Hiyo sikushuti. Mathe hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa kwa magunia tunapanda nini?"

Kosa halikuwa la minyoo. Mboji yake inashika maji sana, na mche mchanga ukikaa kwa maji, mizizi inakosa hewa na kuvu inaingia. Siku hizi nachanganya mkebe 1 wa mboji, 2 ya udongo uliochekechwa na 1 wa mchanga. Namwagilia asubuhi, tena udongo ukishakauka juu. Kama wiki ya 5 hivi, miche iko tayari kuhamishwa.

Na si minyoo yoyote. Ile unayochimba shambani inapenda kuzama chini, kwa ndoo inateseka. Tafuta ile myekundu, myembamba, inayoishi kwa vitu vinavyooza. Ndoo yenye matundu, kivulini, kartoni iliyoloweshwa, halafu maganda ya viazi, majani ya chai na masalio ya mboga. Nyama, mafuta, chumvi na ndimu, hapana. Ukifinya konzi moja, litoke tone moja au mawili tu. Ikianza kunuka vibaya, umelisha kupita kiasi. Baada ya miezi 3 hivi unaanza kuvuna mboji.

Najua kuna mtu atasema, "Si ununue tu miche, ni pesa kidogo?" Sawa, nunua. Lakini hujui imekaa siku ngapi juani, wala imepuliziwa nini. Halafu fikiria hii: tunalipa mtu wa taka abebe maganda, kisha tunaenda agrovet kununua mbolea. Tunalipa mara mbili kwa kitu tulichokuwa nacho jikoni.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: fuga minyoo kwa sababu unakula sukuma, si kwa sababu unataka kuomoka. Ukianza na ndoo moja, hasara yako ni ndoo moja. Ukianza na mkopo kwa sababu ya video ya dakika moja, hiyo ni stori ingine, na sisi tunaoposti hatutakulipia.

Msimu huu magunia 9 ni ya miche yangu. La 10 mathe alipanda ya sokoni, eti "ya usalama." Namwelewa. Imani yake pia ni mche, na niliimwagilia vibaya.

Kesho naposti picha ya ile trei iliyokufa. Nawe ukianza, tuonyeshe na zako.