Samaki Si Kipimo

Nitasema wazi, na wa kukasirika akasirike: ukinunua tangi la maji ya chumvi Jumamosi na ukaweka samaki Jumapili, hupendi samaki. Unapenda mapambo. Najua, kwa sababu nilifanya hivyo hivyo.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60, kwenye bedsitter yangu hapa Nairobi. Muuzaji alinipimia chumvi, akanifungia mawe na mchanga, halafu akaniletea samaki wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. "Maji ni safi, boss. Weka tu leo." Na kweli maji yalikuwa yanang'aa. Siku ya nne mmoja alikuwa juu juu akihema. Siku ya sita wote wawili walikuwa wamekufa. Niliporudi dukani nikaambiwa, "Hao hufa tu. Anza na hawa wadogo wa buluu, ni sugu. Wakiishi, ujue tangi liko sawa."

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Yaani samaki ndiye kipimo?

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza nyingine. Baharini kuna maji mengi na viumbe wa kuitumia. Kwenye kioo cha lita 60 haina pa kwenda, kwa hivyo inamchoma mashavu. Tena maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na pH ikiwa juu amonia huwa kali zaidi. Wanaomwokoa samaki ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hukaa kwenye mawe na mchanga, na huzaana polepole. Wape wiki 4 hadi 6 hivi.

Nao hawahitaji samaki. Wanahitaji amonia tu. Weka maji, mawe, pampu, na hita kwenye nyuzi 26. Dondoshea amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi ufikie miligramu 2 kwa lita, au acha kipande cha kamba kioze humo. Pima. Amonia itapanda, kisha ishuke. Nitriti itapanda, nayo ishuke. Siku utakayoweka amonia tena, na kesho yake zote mbili zisome sifuri, badilisha maji mengi, ulete samaki mmoja. Mmoja, si saba.

"Lakini wale wa buluu hawafi." Wengine hawafi, ni kweli. Hata wewe ukilala chumba chenye moshi wa jiko la makaa na uamke hai, hakuna atakayesema chumba kilikuwa sawa. Na huyo akipona hujiona landlord: kila mgeni utakayemleta atapigwa.

"Lakini kuna bakteria wa chupa." Sawa, watumie, wanaweza kukupunguzia wiki kadhaa. Bado utapima.

Simlaumu muuzaji peke yake. Tangi tupu halimletei kitu, na samaki akifa unarudi kununua mwingine. Lakini aliyekataa kungoja ni mimi. Huku kwetu Pwani, wapiga mbizi huwakamata samaki wa mapambo kwenye matumbawe, na ndio riziki yao. Samaki hufungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye oksijeni na kusafirishwa mbali na kwao. Wale wa mistari wanaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Wangu niliwapa siku sita, kwa sababu nilitaka picha ya status.

Sasa nimeanza upya. Hii ni wiki ya tatu, na tangi halina samaki. Marafiki wakija wanacheka: "Buda, unafuga mawe?"

Ndiyo, nafuga mawe. Leo asubuhi amonia imesoma 0.5, na nitriti bado iko juu. Samaki atangoja huko aliko.